Ħal Saflieni, Malta: Tiketi ya Kukata Kabla ya Ndege

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Malta kwa kawaida hutafuta kwanza nauli ya ndege, kisha hoteli, kisha viza, na vivutio huviacha hadi atakapofika. Kwa sehemu kubwa ya kisiwa utaratibu huo hauna dosari: Valletta, mji ulioanzishwa na Jean de Valette, mkuu wa watawa-wapiganaji waliotawala Malta, mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya kisiwa kunusurika kuzingirwa na jeshi la Waosmani, hutembelewa kwa miguu bila miadi na mtu yeyote. Makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni, yaliyoko Paola, ni habari nyingine, kwani huruhusiwa kuingia watu 10 tu kwa saa, takriban 80 kwa siku, na nafasi za kiangazi huweza kumalizika wiki nyingi kabla.

Idadi hiyo si madaha ya kupandisha bei. Kuta na dari zina michoro ya mizunguko iliyopakwa kwa ngeu, yaani udongo mwekundu, na hewa ya ukaa pamoja na unyevu wa pumzi za wageni huidhuru. Ndiyo maana hali ya hewa ya mle ndani hudhibitiwa, na kupiga picha ni marufuku. Binafsi nalihesabu katazo hilo kuwa sehemu bora ya huduma, maana hakuna anayemziba mwenzake kwa simu. Ziara huanza kwa filamu fupi, kisha kundi hushuka likisikiliza maelezo kwa vifaa vya sauti, hadi mbele ya chumba ambacho wachongaji wasiokuwa na zana za chuma wala shaba walikichonga kwa mfano wa hekalu la juu ya ardhi: nguzo, vizingiti, hata dari inayoingia ndani hatua kwa hatua kana kwamba mawe yameegemezwa moja juu ya jingine, ilhali yote ni mwamba mmoja. Kazi hiyo ilianza takriban mwaka 4000 KK, na mabaki ya watu wanaokadiriwa kufikia 7,000 yalikuwa humo mafundi waliokuwa wakichimba matangi ya maji walipolifumua paa mwaka 1902. Upungufu ni mmoja: maelezo husonga kwa kasi yake, na anayetaka kuukazia macho ukuta mmoja hapewi muda.

Kwa hiyo tarehe ya tiketi hii, inayouzwa mtandaoni na Heritage Malta, shirika la umma linalosimamia makumbusho na maeneo ya kale, ndiyo itangulie. Hata viza ikikataliwa, hasara yake ni ndogo kuliko ya nauli. Malta imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo Mtanzania au Mkenya huruhusiwa kuwasilisha maombi kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, akiwa na bima isiyopungua euro 30,000, na ada kwa mtu mzima ni euro 90. Ziara isipangwe siku ya kuwasili, kwa sababu safari hulazimu kuunganisha ndege, Istanbul kwa mfano, na kuchelewa kwa ndege moja huweza kuipoteza saa uliyoilipia. Faraja ndogo: Waingereza, waliotawala hadi 1964, waliacha soketi za matundu matatu kama zetu na magari yanayopita kushoto, basi adapta ibaki nyumbani.

Wenye watoto wa chini ya miaka sita wasihangaike, kwa kuwa hawaruhusiwi kuingia. Familia kama hizo, na yeyote asiyestahimili sehemu finyu za chini ya ardhi, zitafaidi zaidi kwa Ġgantija katika kisiwa jirani cha Gozo, hekalu la takriban 3600 KK lililo wazi kwa jua, ambako hufikiwa kwa kivuko cha kama dakika 25 kutoka bandari ya Ċirkewwa. Wengine wote naona walipe bila kusita, ila wapitie kwanza Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Valletta, kwa kuwa sanamu ndogo ya mwanamke aliyelala, iliyopatikana Ħal Saflieni, huonyeshwa huko.