Flashi za kuhifadhi picha: ipi ununue, ipi uiache dukani

Tangazo la flashi zinazonakili picha zenyewe limezagaa mitandaoni. Flashi ndogo inachomekwa kwenye kompyuta au simu, mtu anabonyeza mara moja, na picha zake za miaka kumi zinaingia humo bila yeye kuchagua hata moja. Bei yake huwa mara mbili au tatu ya flashi ya kawaida yenye ukubwa uleule, wakati mwingine zaidi. Ndugu na majirani huniuliza kama nyongeza hiyo ina faida. Kwa walio wengi haina. Wapo wachache ambao itawafaa, hasa wenye iPhone za zamani wanaojijua kwamba hawatakaa chini kunakili picha hata siku moja, na hao nitawatajia cha kununua.

Tuanze na kinachouzwa. Ndani ya flashi kama ThePhotoStick au Picture Keeper mna kumbukumbu sawa na ya flashi nyingine yoyote, pamoja na programu. Ukiifungua programu hiyo kwenye kompyuta ya Windows au Mac, inapekua folda zote, inaokota kila faili la picha na video, inayaruka yanayojirudia, kisha inanakili. Kazi hiyo si bure kwa mtu mwenye kompyuta ya zamani ambayo picha zake zimetawanyika kwenye folda arobaini zenye majina yasiyoeleweka.

Lakini picha zetu haziko kwenye kompyuta. Send-off ya dada, mahafali ya mtoto, sura ya babu wiki mbili kabla hajafariki, vyote viko kwenye simu, na nyumba nyingi hazina kompyuta kabisa. Flashi iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta haitaigusa simu yako. Yapo matoleo ya simu, lakini hayo yanakutaka upakue programu, uiruhusu kuona picha zako zote, uchomeke flashi, ufungue programu na usubiri. Kwenye iPhone huwezi hata kuiacha programu ikajifanyia kazi kwa muda mrefu huku simu imezimwa kioo, kwa sababu mfumo wenyewe huzibana programu zilizo nyuma. Mwisho wa yote, anayekumbuka kuchomeka ni wewe yuleyule. Ndiyo maana sioni sababu ya kulipia mara tatu.

Hivi ndivyo ninavyozipanga, kuanzia ya kwanza kununua.

1. Flashi ya vichwa viwili, ya kampuni inayojulikana, GB 128

Upande mmoja ina USB-C ya kuingia kwenye simu, upande wa pili USB ya kawaida ya kuingia kwenye kompyuta, redio au televisheni. SanDisk Ultra Dual Drive ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, na Kingston DataTraveler microDuo ni ya aina hiyohiyo. SanDisk wanatoa pia programu yao ya bure iitwayo Memory Zone, ambayo inaweza kunakili picha mpya kila unapochomeka flashi. Ni huduma ileile ambayo wengine wanaitoza pesa nyingi.

Kwa nini GB 128? Picha moja ya simu ya megapikseli 12 huwa na MB 3 au 4, kwa hiyo flashi hiyo inabeba picha zaidi ya 30,000. Zinazomaliza nafasi ni video. Dakika moja ya video ya 4K ya fremu 30 kwenye iPhone hula takriban MB 170, maana yake saa moja ya harusi ni kama GB 10. Kama unarekodi sana, panda hadi GB 256. Ukikuta kompyuta inaonyesha flashi ya GB 128 ina 119 tu, hujaibiwa: mtengenezaji na Windows wanahesabu kwa vipimo tofauti.

Kwenye Android fungua programu ya faili, ingia folda ya DCIM, ambamo kamera huweka picha zake, nakili yote. Hapo watu wengi huishia, na hapo ndipo wanapoacha nusu ya picha zao. Zilizotumwa kwa WhatsApp hazimo ndani ya DCIM. Kwenye simu za sasa zinakaa katika folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, na ndani kabisa utakuta WhatsApp Images na WhatsApp Video. Picha za msiba alizokutumia binamu, ambazo wewe hukupiga hata moja, zimo humo. Usibadilishe majina ya mafaili hayo. WhatsApp huondoa kumbukumbu ya tarehe iliyofichwa ndani ya picha, kwa hiyo tarehe inabaki kwenye jina tu: IMG-20210314-WA0005 ni picha iliyopita WhatsApp tarehe 14 Machi 2021.

Wenye iPhone 15 na zilizofuata wamerahisishiwa, maana tangu 2023 simu hizo zina USB-C, na flashi ya kawaida inaingia moja kwa moja. Mfumo wa iOS unasoma flashi tangu toleo la 13 la mwaka 2019. Kabla ya kunakili, angalia kwenye mipangilio ya picha kama simu imewekwa kupunguza picha ili kuokoa nafasi. Ikiwa imewekwa hivyo, picha halisi ziko iCloud na ulizonazo mkononi ni ndogo, kwa hiyo simu italazimika kuzishusha kwa intaneti kwanza. Andaa wi-fi, la sivyo bando litakwisha kabla hujazifikia picha za mwaka jana.

Simu ya zamani yenye tundu la micro-USB itahitaji kiunganishi cha OTG, yaani kile kinachoiwezesha simu kusoma flashi, na baadhi ya simu za bei ya chini hazikubali OTG kabisa. Nenda na simu yako dukani, uchomeke hapohapo, uione flashi ikitokea kwenye kioo, ndipo ulipe. Ukipata hitilafu ya faili kubwa kukataa kuingia, flashi imefomatiwa (imeandaliwa kupokea mafaili) kwa mpangilio wa zamani uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Ifomati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi, ikiwa bado haina kitu, mradi simu yako inausoma. Nyingi za sasa zinausoma.

2. Wingu

Mtu akiniuliza ni kitu gani hasa kinachohifadhi picha bila yeye kufanya lolote, jibu ni wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni kama Google Photos au iCloud. Simu ikipokonywa kituo cha daladala jioni, picha ulizopiga mchana zinaweza kuwa tayari zimeshapanda. Hakuna flashi inayoweza hilo, kwa sababu flashi inabeba yale tu yaliyokuwepo mara ya mwisho ulipoichomeka.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya bando na malipo ya kila mwezi. Google walisitisha hifadhi ya bure isiyo na kikomo tarehe 1 Juni 2021, na sasa unapewa GB 15 ambazo Gmail na Drive nazo zinachangia humohumo. Apple wanatoa GB 5 tu. GB 100 za Google kwa bei ya Marekani ni dola 1.99 kwa mwezi. Si pesa nyingi, lakini haina mwisho, na inadai kadi au njia ya malipo ambayo si kila mtu anayo. Weka ipandishe kwa wi-fi peke yake. Kama mtandao wa bure unaupata kazini au chuoni, GB 15 zile ziwekee picha ambazo ungelia zikipotea.

Jambo moja limeumiza watu wengi na inabidi nilirudie kila ninapopata nafasi. Ukifuta picha ndani ya programu ya Google Photos ili simu ipate nafasi, unaifuta na kule juu. Itakaa kwenye pipa la taka siku 60, kisha inapotea. iCloud ni hivyohivyo, isipokuwa kule hukaa takriban siku 30. Ukitaka kupunguza simu bila kugusa wingu, Google Photos ina kitufe chake maalumu cha kufungua nafasi kwenye kifaa. Tumia hicho, usitumie kufuta kwa kawaida. Pia akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa na vilivyomo. Akaunti ya marehemu mzazi, kama nywila yake mnayo, ingieni mapema mnakili picha zake.

3. Diski ya nje ya TB 1

Hii ni ya familia yenye kompyuta, au ya mpiga picha anayerudi na kadi tatu kila Jumamosi. Kwa kila gigabaiti ni nafuu kuliko flashi. Ya sahani zinazozunguka ina bei ya chini lakini haipendi kuanguka, na simu nyingi hazina umeme wa kutosha kuiendesha. Ya SSD ni ghali zaidi, haina kinachozunguka, na simu nyingi zenye USB-C zinaisoma. Kwa mtu wa simu moja ni kubwa mno.

4. Kifaa cha kunakili wakati wa kuchaji

Hiki ndicho nilichowaahidi wale wachache. Qubii, ya kampuni ya Maktar ya Taiwan, ni kipande kidogo kinachokaa kati ya kichwa cha chaji na waya. Unaweka memori kadi ndogo ndani yake, na kila unapochaji iPhone, programu yake inanakili picha mpya. Lipo toleo la Duo linalokubali na Android. Kinanipendeza kwa sababu kinategemea jambo ambalo hakuna anayelisahau, kuchaji simu. Kwa mama mtu mzima mwenye iPhone ya tundu la Lightning, lile la kabla ya iPhone 15, anayeishi peke yake, ningemnunulia hiki kabla ya flashi yoyote. Ubaya wake ni bei, na memori kadi unanunua mwenyewe. Aidha, ukikinunua kwa mtu wa ng'ambo hakikisha kichwa cha chaji na waya ulizonazo vinakubaliana nacho.

5. ThePhotoStick na wenzake

Nunua ikiwa una kompyuta yenye picha zilizotapakaa, huwezi kuzitafuta mwenyewe, na hakuna kijana nyumbani wa kukusaidia. Vinginevyo bei hiyo inakununulia flashi mbili za kawaida, na flashi mbili zenye picha zilezile ni salama kuliko moja yenye programu.

Usinunue: "TB 2" kwa bei ya chakula cha mchana

Kuanzia Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo hadi Luthuli Avenue Nairobi, na zaidi kwenye maduka ya mtandaoni, utakutana na flashi isiyo na jina, au yenye jina la kampuni kubwa lililochapwa vibaya, ikidai TB 2 kwa pesa kidogo sana. Hiyo inaumiza kuliko flashi iliyokufa. Kumbukumbu halisi ndani yake inaweza kuwa GB 32 au 64, lakini imechezewa ili idanganye kompyuta na simu kwamba ni kubwa. Inapokea kila unachoiwekea. Majina ya mafaili yanaonekana, ukubwa unaonekana, tarehe inaonekana. Nafasi ya kweli ikiisha, yanayofuata yanaandikwa juu ya ya zamani au hayaandikwi popote. Mtu anafuta picha kwenye simu akiwa ameridhika, na baada ya miezi anafungua picha za harusi yake anakuta miraba ya kijivu mitupu.

Kwa hiyo flashi yoyote mpya, hata ya kampuni nzuri, ipimeni kabla ya kuiamini. Kwenye Windows ipo H2testw, programu ya bure inayoijaza flashi hadi mwisho kisha inasoma kila kitu ilichoandika. Kwenye Linux na Mac ipo F3. Vipimo hivi huchukua saa nyingi kwa flashi kubwa; viacheni viende usiku. Asiye na kompyuta afanye hivi: ijaze flashi kwa kunakili video zilezile mara nyingi, kila mara kwenye folda mpya, mpaka ikatae. Itoe, izime simu, iwashe, ichomeke tena, kisha cheza video za folda ya kwanza, ya katikati na ya mwisho hadi dakika zake za mwisho. Zikicheza zote, yaelekea flashi ni ya kweli. Fanya hivyo ndani ya siku ambazo muuzaji anakubali kurudishiwa, na risiti usiitupe.

Baada ya hapo, usifute picha kwenye simu mpaka ziwepo mahali pengine pawili. Flashi pamoja na wingu, au flashi mbili, moja kwako na nyingine kwa dada yako mtaa mwingine, ili mwizi au moto usizipate zote kwa pamoja. Flashi inatunza data kwa chaji ndogo za umeme ambazo hupungua taratibu ikikaa miaka bila kuguswa, hivyo ichomeke walau mara moja kwa mwaka ufungue baadhi ya picha. Wakazi wa Mombasa, Unguja, Tanga na Dar wana kazi ya ziada, kwa kuwa hewa ya chumvi hula vichwa vya chuma. Weka flashi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.