Kaunti ya wakulima: nyumba ya mjini au ya shambani?
Katika kaunti ndogo ya kilimo nyumba zinazouzwa ni chache, hivyo mauzo mawili matatu tu yanaweza kuyumbisha bei. Ya mjini hupata mnunuzi upesi: maji ya bomba, shule na zahanati viko karibu. Kiwanja ndicho kidogo.

Ya shambani ina nafasi na utulivu, isipokuwa msimu wa mavuno, trekta zinapounguruma hadi usiku. Kinachonitia wasiwasi ni kisima. Mbolea huingiza naitreti, kemikali yenye nitrojeni, kwenye maji ya ardhini, na kemikali hiyo ni hatari kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Kikomo cha naitreti cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Pima maji kabla ya kutoa arubuni. Mwenye mtoto mchanga ningemshauri mjini.