Lipedima: dawa 3 nilizotumia, zote za kuazima

Mi nina lipedima, yale mafuta yanayojaa miguuni kuanzia nyongani mpaka kwenye vifundo halafu yanakata ghafla kama umevalishwa bangili, unyayo wenyewe mwembamba kabisa. Na yanauma jamani. Mwanangu akinipandia mapajani na vile viwiko vyake machozi yananilenga, kesho yake ngozi imevilia damu utadhani nimepigwa.

Nilianza na furosemaidi, ile ya kukojoza maji wanayopewa wagonjwa wa moyo, dokta aliona uvimbe akajua ni maji. Wiki 6 kazi yangu kwenda chooni tu, mdomo mkavu, misuli inakaza usiku, na tepu ya kupimia paja haijasogea hata kidogo. Sasa kilichojaa ni mafuta, utayakojoaje? Nyota moja, na hiyo yenyewe ni huruma.

Dokta mwingine akanipa pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, yaani mishipa ya fahamu. Hii kusema kweli maumivu ilipunguza, nikaanza kulala bila mto katikati ya magoti, ila asubuhi kichwa kizito, nikisimama nayumba, halafu uzito ukapanda na nyayo, zile zile zilizokuwa nyembamba, nazo zikavimba, kuja kusoma kile kikaratasi cha kwenye boksi kumbe yote yameandikwa humo! Nikaiacha taratibu, haiachwi ghafla hiyo.

Ugonjwa wenyewe Allen na Hines wa Mayo Clinic kule Marekani waliuandika tangu 1940 na hadi leo hauna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili yake, ndo maana tunaazima za wenzetu, mara ya wagonjwa wa moyo, mara ya neva.

Sa hivi nina miezi 8 na semaglutaidi, ya kuazima kwa watu wa kisukari na unene, sindano moja kwa wiki, unaanza na 0.25 mg kwa wiki 4 ndo unapandishwa. Kila dozi ikipanda kichefuchefu siku mbili tatu, na choo kigumu, hilo jiandae. Uso umechongoka, kiuno kimeingia, miguu sasa... imepungua kiduchu, suruali bado nachagua ya kuenea mapaja halafu naipeleka kwa fundi apunguze kiuno. Soksi za kubana sijaziacha. Kwa umbo naipa nyota 2, kwa maumivu 4, maana mtoto siku hizi anakaa mapajani mpaka analala, na viwiko vyake vile vile.