Feni ya maji: joto kavu inafaa, fukuto usijisumbue

Jamani hii feni ya maji ambayo wengine wanaiita AC ya maji nimekaa nayo msimu mzima wa joto, na ukweli ni kwamba AC siyo. Ila takataka pia siyo, shida ni wauzaji hawakwambii inafaa wapi na inagoma wapi.

Ndani kuna tenki, pampu ndogo inapandisha maji yanalowesha zile pedi, feni inapitisha hewa hapo, maji yanakauka na kuondoka na joto. Ni kile kibaridi unachokisikia ukitoka kuoga ukapigwa na upepo. Sasa kama hewa yenyewe imeshashiba unyevu maji yatakaukia wapi? Lile joto kavu la kupasua midomo utaipenda, upepo unatoka wa baridi kweli. Lakini hali ya hewa siku hizi haieleweki, wiki hii jua kavu, wiki ijayo kamvua kasiko na msimu kananyesha kanakata halafu fukuto linaanza, shuka linanata mgongoni, hapo ukiiwasha na maji unajiongezea balaa tu. Siku kama hizo mi natoa maji yote naitumia kama feni ya kawaida.

Na dirisha acha wazi. Watu wanafunga kila kitu eti baridi isitoke, baada ya muda kuta zinatoka jasho wanaanza kulalamika imeharibika.

Vile vichupa vya barafu vinavyokuja nayo msivitegemee. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto kilojuli kama 334, kilo moja ya maji ikikauka inanyonya kama 2,400, yaani mara saba hivi, kwa hiyo kazi yote ipo kwenye kukauka, barafu ni mbwembwe.

Umeme hapo sina neno, yangu ni wati 65 wakati AC ndogo ya chumba inakula kama wati 1,000. Usafi ndo kazi, pedi zinashika chumvi na harufu, maji yakilala humo mbu wanataga, na pampu ikizunguka bila maji inaungua.

Kwa wazee na watoto wachanga usiiachie kila kitu. Shirika la Afya Duniani linasema joto likizidi nyuzi 40 feni inaupasha mwili badala ya kuupoza, na kwenye fukuto hii haina tofauti na feni. Wape maji ya kunywa, wapanguse na kitambaa kibichi, na mtu akichemka mwili akaanza kuongea vitu visivyoeleweka mkimbizeni hospitali.

Nyota 3. Kabla hujanunua anika kitambaa kibichi ndani saa ile ya joto kali, kikikauka chapchap nunua, kikigoma tafuta feni ya dari.