Global Index Medicus: imenifutia sentensi moja

Rasimu yangu kuhusu upungufu wa damu kwa wajawazito ilikuwa na ile sentensi tunayoipenda mno: "Hakuna utafiti kama huu uliowahi kufanyika nchini." Nilikuwa nimetafuta PubMed tu, ile hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni. Mhakiki akaniuliza nina hakika? Nikaingia Global Index Medicus, faharisi (orodha ya kutafutia makala za afya) ya Shirika la Afya Duniani, bure, bila kujisajili.

Uzuri wake ni kukusanya faharisi za kanda pamoja: AIM ya Afrika, LILACS ya Amerika ya Kilatini na Karibiani, nyingine za Asia, Mashariki ya Kati na Pasifiki. Humo mna majarida ya kitaifa ambayo mengi hayamo PubMed. Nilipata makala tatu za watangulizi wangu, moja ikiwa na viwango vya hemoglobini ambavyo ningeweza kulinganisha na vyangu moja kwa moja. Niliona aibu, kwa kweli. Watu walishatoka jasho, nami nimewafuta kwa mstari mmoja!

Ni faharisi, si maktaba. Makala kamili huenda ukaifuata kwenye jarida lenyewe. Jaribu pia tahajia tofauti na lugha nyingine. Sentensi nimeifuta, zile tatu nimezinukuu kwenye utangulizi na mjadala.