Eti "imekarabatiwa", kumbe imepakwa rangi tu

Nilijiapiza nisiandike kitu ila leo nimeitazama tena reli ya mashine yangu, ile njia ambayo kisu kinatelezea, hasira zikapanda upya. Mwaka juzi hivi, au ule wa kabla yake, nilinunua mashine ya kukereza vyuma, ya zamani, ya karakana yangu ndogo ya nyumbani, kwa jamaa anayejitangaza kwamba anazikarabati. Ilikuja inang'aa kama bibi harusi, rangi mpya, hendo zimepigwa msasa, hadi kile kibao cha jina kimesuguliwa. Nikaipenda palepale, ujinga wangu.

Kazi ya kwanza shafti tu ya milimita 150. Nakereza, napima kwa maikromita, upande wa chaki, yaani kile kishikio kinachozungusha chuma, na upande wa pili unene unapishana milimita 0.1. Nikadhani ni mimi. Nikaiweka sawa upya kwa pimamaji, nikabadili kisu, nikabana kila nati, wapi. Ndo nikapitisha ukucha kwenye reli karibu na chaki, loh, ngazi kabisa, pamelika. Kulika sio ajabu, kazi fupi za miaka yote zinafanyika hapohapo, kule mwisho panabaki papya. Ukiibana ile gari inayobeba kisu isicheze penye ulaji, ukiisogeza mwisho wa reli inakwama. Jaribio la dakika moja hilo, na mkarabati wetu hakulifanya, au alilifanya akanyamaza, sijui lipi baya zaidi.

Nikampigia simu kwa adabu zote. Akanijibu, "Kaka, mashine haina shida, shida ni mkono wako." Mkono wangu! Hata pole hakuna, akakata. Siku hiyo nilikwangua rangi kwa hasira, chini yake puti, chini ya puti kutu.

Haya, nisiwe muongo. Beringi zake haziimbi, na ikila chuma haitetemeki, uzito ule ni raha, vile vimashine vipya vyepesi nilivyowahi kugusa vinaruka kama chura. Bushi na kazi fupifupi zinatoka safi. Mtu akija kuitaka simpi. Kwa hiyo labda ukinunua kwake uende na ukucha wako na... hapana, usinunue kwake kabisa. Maana skrubu ndefu ya hii mashine, ile inayosogeza kisu wakati wa kukata hesi, ni ya inchi, hesi za milimita hazitoki sawasawa bila gia ya meno 127, na hiyo gia alisema "kesho naleta". Bado naisubiri hiyo kesho.