"Mtu mweusi hutoka hivyo": uzoefu wangu wa kuchapisha picha ya Mama

Jina la duka la kuchapisha picha silitaji. Liko katika moja ya zile ghorofa za upande wa River Road, Nairobi, na anayekisia asiniulize. Ninachotaka kusema kinahusu sentensi moja niliyoambiwa pale, ambayo hadi leo haijanitoka: "Bosi, mtu mweusi akiprintiwa hutoka hivyo."

Aliyeisema ni mweusi kama mimi, na alikuwa amesimama mbele ya picha ya mamangu.

Ilikuwa picha ya ukumbusho wake, mwaka mmoja tangu tumzike. Nilimpiga mwenyewe jikoni kwake Machakos, jua la saa kumi likiingia dirishani. Mama alikuwa maji ya kunde, na siku ile alijifunga kitambaa cha rangi ya damu ya mzee alichokipenda kuliko vyote. Nilitaka kanvasi ya mita moja kwa moja na nusu, watu wakiingia wamwone alivyokuwa. Picha ndiyo kazi yangu. Skrini yangu naipima kila mara, na faili niliihifadhi kwa Adobe RGB, mpangilio wenye rangi nyingi, na profaili, yaani maelezo ya jinsi ya kuzisoma rangi hizo, ikiwa ndani yake. Nikamweleza hivyo kijana wa mapokezi kwa WhatsApp, akajibu "sawa". Nikatuma pesa zote kwa M-Pesa.

Nilipofika, kanvasi ilikuwa imetandazwa mezani. Nilifikiri ni ya mteja mwingine. Uso ulikuwa wa kijivu chenye kijani ndani yake, rangi ya ndizi za kuchemsha. Kitambaa kilikuwa tope. Chini ya kidevu na kwenye mikunjo ya shingo, mahali ambapo kwenye skrini naona kila mstari, palikuwa giza tupu. Nikajipa moyo kwamba ni taa zao, ile mirija yenye weupe wa kibuluu, maana picha huhukumiwa kwenye mwanga wa kelvini 5000, mweupe kama wa mchana, na pale hapakuwa na kitu kama hicho. Tukaibeba na yule kijana hadi barazani. Juani ikawa mbaya zaidi. Mama hakuonekana hivyo hata wiki ya mwisho hospitalini.

Ndipo mwenye duka akatoka na maneno yake.

Tusi lilinichoma, lakini uongo uliomo ndani yake ndio ulionichoma zaidi. Kwa wino, ngozi ya maji ya kunde ni njano na majenta (waridi iliyokolea) kwa wingi, siani (buluu yenye kijani) kidogo na nyeusi. Siani ikizidi tone tu, kahawia inapoteza uwekundu wake na kwenda kwenye kijivu au kijani. Kiasi hicho mashine inakijua kwa profaili. Unachapa chati ya vipande vya rangi mia kadhaa, kwa wino uleule na juu ya kanvasi ileile, unavipima kwa spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi, na programu inajua kila mchanganyiko wa wino unatoa rangi gani pale. Stika hainywi wino kama kanvasi, kwa hiyo profaili ya moja haifai kwa nyingine. Na mambo haya si ya jana. Muungano wa kimataifa wa rangi, ICC, wenye kiwango cha hizi profaili, ulianzishwa 1993. Leo mtu mwenye mashine ya mamilioni anasimama Nairobi, mjini petu, na kusingizia ngozi yetu!

Niliwaka. Mwenye duka akasema kazi imefanyika, pesa hazirudi, kama sijaridhika niende kwingine. Akaingia ofisini, akafunga mlango. Pale pale nikafungua simu nikaanza kuandika: nyota moja, msikanyage hapa.

Sijamaliza, dada wa mashine akaniita. "Kaka, hebu njoo uone." Akafungua RIP, programu inayoiandalia printa faili. Printa ilikuwa bado kwenye profaili ya stika ya kung'aa waliyochapa asubuhi. Tena kile kisanduku cha kufuata profaili iliyo ndani ya faili kilikuwa kimezimwa, kwa hiyo Adobe RGB yangu ilisomwa kama sRGB, mpangilio wenye rangi chache zaidi, na rangi zikafifia hata kabla wino haujagusa kanvasi. Makosa mawili, mibofyo miwili. Na profaili ya kanvasi wanayo! Ilipimwa kwenye mashine ileile. Hilo liliniudhi upya.

Alichapa kwanza kipande cha shavu na kitambaa, ukubwa wa kiganja, tukakipeleka barazani na kukilinganisha na nakala ndogo niliyokuja nayo mfukoni. Kisha akaiachia mashine ichape yote, polepole, wenzake wakiwa wanafunga. Kitambaa kilitangulia, damu ya mzee kamili. Paji la uso likafuata. Macho. Mikunjo ya shingo ikatoka mmoja mmoja. Sikusema neno hadi mwisho, na yeye hakunisemesha. Nilipompa kitu cha nauli alikikataa mara mbili.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilifuta ile moja, nikaweka nne, maana kanvasi ile ni kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kulipia mjini. Kisha siku ya ukumbusho mama mdogo akaigusa kwa vidole na kusema, "Ni yeye." Badala ya kufurahi, hasira ikanirudia. Ni wangapi wamepanda zile ngazi na picha za wazazi wao, wakaambiwa hutoka hivyo, wakaamini, wakaenda kuzitundika ukutani? Nikarudi kwenye mbili. Mbili ni za yule dada peke yake.

Mwezi ujao nina kanvasi tatu za mteja. Jana nimempigia yule dada kumuuliza atakuwa zamu siku gani. Akiwa hayupo, siendi.